Mpira Mmoja, Mastaa Watatu: Kwa Nini Timu za Nyota Hushinda, na Kwa Nini Huanguka

Chukua mchezaji bora wa timu moja, ongeza mchezaji bora wa timu ya pili, kisha wa timu ya tatu, halafu wavalishe wote jezi moja. Umepata nini? Uliza swali hili kijiweni na jibu litakuja haraka: umepata bingwa. Shida ni kwamba historia ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, inatoa majibu mawili yanayopingana.

Boston Celtics walishinda mechi 24 tu katika msimu wa 2006/07. Kabla ya msimu uliofuata wakawaleta Ray Allen na Kevin Garnett waungane na Paul Pierce. Wakashinda mechi 66 na kubeba ubingwa mwaka 2008. Miaka michache baadaye Los Angeles Lakers nao wakajaribu. Tayari walikuwa na Kobe Bryant na Pau Gasol, wakawaongeza Steve Nash na Dwight Howard. Msimu wa 2012/13 wakashinda mechi 45 na kupoteza 37, wakaingia kwenye mtoano kwa tabu, na San Antonio Spurs wakawatoa raundi ya kwanza kwa mechi nne bila wao kushinda hata moja.

Viungo karibu vilevile, chakula tofauti kabisa. Katika makala hii nataka tuangalie kwa nini. Tutapita kwenye hesabu kidogo, uchumi kidogo na hata foleni za magari. Usiogope, hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kuzidisha.

Kwanza: kwa nini kikapu na si soka?

Mastaa hukusanywa hata kwenye soka. Ila kwenye kikapu staa mmoja ana uzito mkubwa zaidi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni idadi ya watu. Uwanjani wapo watano kwa kila timu. Mchezaji mmoja ni moja ya tano ya timu, wakati kwenye soka ni moja ya kumi na moja. Tena mchezaji wa kikapu anashambulia na kulinda, na staa anaweza kukaa uwanjani dakika 36 hadi 40 kati ya 48.

Ya pili ni bahati. Mechi ya soka inaweza kuamuliwa na goli moja lililogonga mwamba likaingia. Kwenye NBA, kila timu hupata takribani nafasi 100 za kushambulia katika mechi moja. Ukirusha sarafu mara tatu, kupata vichwa vyote si ajabu. Ukirusha mara mia, matokeo yatakuwa karibu na nusu kwa nusu. Kadiri majaribio yanavyokuwa mengi, ndivyo bahati inavyopungua nguvu na uwezo halisi unavyojitokeza.

Halafu kuna mtoano. NBA hawachezi mechi moja ya kufa na kupona, wanacheza mpaka mmoja ashinde mara nne, yaani mechi hadi saba. Tuseme timu yako ina uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda kila mechi. Ukipiga hesabu, uwezekano wa kushinda mfululizo mzima unapanda hadi karibu asilimia 71. Kama kila mechi ni asilimia 70, mfululizo unakuwa karibu asilimia 87. Kwa hiyo faida ndogo ya kila siku inageuka kuwa faida kubwa mwishoni. Ndiyo maana kuongeza staa mmoja tu kunaweza kubadilisha hatima ya timu.

Sawa. Tumeelewa kwa nini timu zinawataka mastaa. Lakini kama kila timu inawataka, kwa nini wakubali kurundikana sehemu moja?

Bei ikiwekewa kikomo, foleni huhamia kwingine

Hapa ndipo uchumi unapoingia. NBA ina vikomo viwili vya mishahara, na watu wengi huvichanganya.

Kikomo cha kwanza ni cha timu: kiasi ambacho timu inaweza kutumia kwa mishahara ya wachezaji wake kabla ya kuanza kubanwa na masharti. Kikomo cha pili ni cha mchezaji mmoja mmoja. Kwa kawaida, mkataba mpya wa mchezaji hauruhusiwi kuanza juu ya asilimia 25, 30 au 35 ya kikomo cha timu, kutegemea amekaa ligini miaka mingapi. Kikomo hiki cha pili kilianza mwaka 1999, baada ya mgogoro mkali kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji.

Sasa tutumie namba za mfano ili uone kinachotokea. Tuseme kikomo cha timu ni 100. Kuna wachezaji watatu ambao thamani yao halisi, kwa mechi wanazozileta, ni 60, 50 na 40. Kama soko lingekuwa huru ndani ya kikomo hicho, kuwaajiri wote kungegharimu 150. Haiwezekani. Wangetawanyika kwenye timu tofauti, kila mmoja akienda kwa anayemlipa thamani yake. Lakini weka sheria kwamba hakuna anayelipwa zaidi ya 30. Ghafla wote watatu wanagharimu 90, na inakubakia 10 ya kuwalipa wengine. Kile kilichokuwa hakiwezekani kimewezekana.

Ni jambo lilelile linalotokea sukari ikipangiwa bei ya chini kuliko ile ambayo watu wako tayari kulipa. Bei haiwezi tena kuamua nani apate. Kinachoamua ni kitu kingine: nani kawahi foleni, nani anafahamiana na mwenye duka. Kwa staa wa NBA ni hivyohivyo. Kama timu sita zote zinaweza kumpa kiasi karibu sawa, pesa haimsaidii tena kuchagua. Anaanza kuuliza maswali mengine. Wapi nitashinda? Wapi kuna rafiki zangu? Wapi kuna kocha ninayemwamini?

Ndivyo ilivyokuwa Julai 2010. LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh wote waliingia NBA mwaka 2003, na mwaka 2008 walikuwa pamoja kwenye timu ya Marekani iliyochukua dhahabu ya Olimpiki jijini Beijing. Mikataba yao iliisha kipindi kimoja. Wakakubali wote kupokea chini ya kiwango cha juu ambacho kila mmoja angeweza kudai, ili wote watoshe Miami Heat na ibaki pesa kidogo ya wengine. LeBron akatangaza uamuzi wake kwenye televisheni, moja kwa moja, taifa zima likitazama.

Utaona basi kwamba sheria iliyowekwa kuwabana mastaa kwa mishahara ndiyo iliyowafungulia mlango wa kuungana. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ni mfano mzuri wa jambo ambalo wanauchumi hulirudia kila siku: ukibana bei, hujaondoa ushindani, umeuhamisha tu.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi. Mwaka 2016 Golden State Warriors walikuwa wametoka kushinda mechi 73 na kupoteza 9 tu, rekodi ya NBA, kisha wakapoteza fainali kwa Cleveland Cavaliers baada ya kuongoza mechi 3 kwa 1. Kiangazi hichohicho mkataba mpya wa haki za televisheni ukaingiza pesa nyingi ligini, na kikomo cha timu kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo mmoja. Wakati huo Stephen Curry alikuwa bado analipwa takribani dola milioni 12 kwa mwaka, kwa sababu mkataba wake ulisainiwa mwaka 2012, enzi ambazo vifundo vyake vya miguu vilikuwa vinamsumbua. Mshahara wa zamani, kikomo kipya: nafasi ikapatikana. Kevin Durant akahamia kutoka Oklahoma City Thunder, timu ambayo Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet aliwahi kuichezea pamoja naye kati ya 2012 na 2014. Warriors wakachukua ubingwa wa 2017 na 2018. Mwaka 2017 walipoteza mechi moja tu katika mtoano mzima.

Pointi haziongezeki kama shilingi

Mpaka hapa unaweza kusema: basi timu za mastaa ni dawa. Hapana, subiri kidogo.

Msimu wa 2009/10, wakiwa timu tatu tofauti, LeBron alikuwa na wastani wa pointi 29.7 kwa mechi, Wade 26.6 na Bosh 24.0. Jumla ni 80.3. Msimu uliofuata, wakiwa pamoja Miami, LeBron alipata 26.7, Wade 25.5 na Bosh 18.7. Jumla ni 70.9. Pointi zaidi ya tisa zimeyeyuka. Je, walisahau kucheza? La hasha. Mpira ni mmoja.

Nafasi za kushambulia ni kama keki ya asilimia 100. Wachezaji watano wakigawana sawasawa, kila mmoja anapata asilimia 20. Staa huwa anakula kama 30 akiwa uwanjani. Weka mastaa watatu wanaokula 30 kila mmoja, umetumia 90, na wawili waliobaki wanagawana 10. Haiendi. Lazima mtu apunguze, na anayepunguza anapoteza sehemu ya kile kilichomfanya aitwe staa.

Kwa hiyo swali la kisayansi si "una mastaa wangapi?" Swali ni "nani bado ana faida asipokuwa na mpira mkononi?"

Klay Thompson wa Warriors ndiye jibu zuri zaidi ninalolijua. Desemba 2016 alifunga pointi 60 katika dakika 29 dhidi ya Indiana Pacers. Muda wote huo alidunda mpira mara 11 tu, na ukijumlisha sekunde alizoushika hazizidi dakika moja na nusu. Alikimbia, akajificha nyuma ya wenzake, akapokea, akatupa. Mchezaji wa namna hii hali keki ya mwenzake. Hata asipoguswa na mpira anasaidia, kwa sababu mlinzi wake hawezi kumwacha akasaidie kumzuia Curry au Durant.

Linganisha na Lakers wa 2012/13. Nash alikuwa hodari wa kuongoza shambulizi akiwa na mpira. Kobe pia alitaka mpira. Howard na Gasol wote walizoea kufanya kazi karibu na kikapu. Ni kama kujenga nyumba ukiwa na mafundi bomba wanne bila fundi umeme. Kila mmoja ni bingwa wa kazi yake, lakini usiku utakaa gizani.

Foleni barabarani, foleni uwanjani

Mwaka 2010 mwanafizikia Brian Skinner alichapisha makala iliyolinganisha shambulizi la timu ya kikapu na mtandao wa barabara. Wazo lake linatusaidia sana hapa, kwa hiyo twende nalo polepole.

Fikiria barabara ya mkato. Ikiwa na magari machache inakufikisha haraka. Kila dereva akiijua, kila mmoja anaingia humo, na mwishowe inakuwa ya polepole sawa na barabara ndefu. Hakuna dereva aliyefanya kosa. Kila mmoja alichagua njia iliyomfaa kwa wakati ule. Lakini wote kwa pamoja wamepoteza faida ya mkato.

Staa ndiye barabara ya mkato. Tuseme timu ina mashambulizi 100. Wachezaji wa kawaida huleta pointi 1.0 kwa kila shambulizi. Staa akitumiwa mara 20, analeta pointi 1.2 kila mara. Lakini akitumiwa mara 40, walinzi wanajua mpira unakwenda wapi, wanamrundikia watu wawili, anachoka, na sasa analeta 1.0.

Piga hesabu. Staa akitumiwa mara 40: pointi 40 zake na 60 za wengine, jumla 100. Akitumiwa mara 20: pointi 24 zake na 80 za wengine, jumla 104. Umempunguzia kazi mchezaji wako bora na umepata pointi nne zaidi!

Jambo la hatari ni kwamba kosa hili halionekani kwa macho. Staa anapotumiwa mara 40, kila shambulizi lake bado haliko chini ya la mwenzake, 1.0 kwa 1.0. Kocha akitazama karatasi haoni ubaya. Hasara imejificha kwenye kile ambacho kingepatikana kama angetumiwa kidogo.

Sasa rudi kwenye timu ya mastaa na utaona faida yake halisi. Faida si kwamba kila mmoja atafunga 30. Faida ni kwamba una barabara za mkato tatu, kwa hiyo hakuna hata moja inayolazimika kujaa. Kila staa anaweza kuchagua mitupo mizuri na kuacha ile ya kulazimisha. Lakini hilo linatimia pale tu wakikubali kupungua. Wasipokubali, umejenga barabara tatu na magari yote bado yanasukumana kwenye moja.

Heat hawakuelewa hili siku ya kwanza. Walianza msimu wa 2010/11 kwa kushinda mechi 9 na kupoteza 8, na mwisho wa msimu wakafungwa na Dallas Mavericks kwenye fainali. Baadaye kocha Erik Spoelstra alibadilisha mpangilio. Bosh, ambaye alikuwa mfalme wa timu yake kule Toronto, akahamishiwa nafasi ya katikati kupambana na watu wazito kuliko yeye, na kusogea mbali na kikapu wakati wa kushambulia ili LeBron na Wade wapate njia ya kupita. Ubingwa ukaja 2012 na 2013.

Fainali ya 2013 dhidi ya Spurs inaeleza kila kitu. Mechi ya sita, Heat wakiwa nyuma kwa pointi tatu na sekunde chache zimebaki, LeBron alikosa. Bosh akadaka ribaundi, akamsukumia Ray Allen, ambaye alirusha ya pointi tatu ikaingia zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Heat wakashinda katika muda wa nyongeza. Mechi ya saba Bosh alimaliza na pointi sifuri. Sifuri! Na alibeba kombe. Mwaka 2010 alikuwa mtu wa pointi 24 kwa mechi.

Mguu mmoja ukiteguka

Kuna hesabu nyingine ambayo mashabiki huisahau. Tuseme kila staa wako ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuwa mzima wakati wa mtoano. Inaonekana vizuri. Lakini uwezekano wa wote watatu kuwa wazima ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu asilimia 51. Ni kama kurusha sarafu.

Timu ya kawaida ikimpoteza mchezaji mmoja, inatoa mwingine benchi. Timu ya mastaa imetumia pesa yote juu, kwa hiyo benchi limejaa watu wa mshahara wa chini kabisa. Pengo la staa halizibiki.

Brooklyn Nets ndio somo. Kevin Durant na Kyrie Irving walijiunga mwaka 2019, James Harden akaongezwa Januari 2021. Kwa ubora wa ushambuliaji, ni vigumu kufikiria watatu wakali kuliko hao. Kwenye mechi za ligi, walicheza pamoja wote watatu mara 16 tu. Si kwa msimu, kwa muda wote waliokuwa timu moja. Mtoano wa 2021 Harden aliumia paja na Irving akaumia kifundo cha mguu, Durant akabaki karibu peke yake dhidi ya Milwaukee Bucks. Mechi ya saba alirusha mpira wa kusawazisha huku kidole cha mguu kikiwa kimegusa mstari wa pointi tatu. Mtupo ukahesabiwa pointi mbili badala ya tatu, mechi ikaenda muda wa nyongeza, Nets wakafa 115 kwa 111. Bucks wakaenda kuchukua ubingwa. Kufikia Februari 2023 wote watatu walikuwa wameondoka Brooklyn.

Hata Warriors wenyewe walikufa kwa njia hiyo. Fainali ya 2019 Durant alikatika kano ya kisigino mechi ya tano, Thompson akaumia goti mechi ya sita. Ubingwa ukaenda Toronto Raptors, ambao rais wao wa masuala ya mpira wakati huo, Masai Ujiri, ni mtoto wa baba Mnigeria na mama Mkenya.

Je, kipaji kinaweza kuzidi?

Mwaka 2014 Roderick Swaab na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Psychological Science uliosema ndiyo. Waliona kwamba katika soka na kikapu, kuongeza mastaa kunasaidia mpaka mahali fulani, kisha matokeo yanaanza kushuka. Kwenye besiboli hawakuona mshuko huo. Maelezo yao yalikuwa kwamba besiboli ni mchezo ambao kila mtu anafanya sehemu yake kwa kiasi kikubwa peke yake, lakini kikapu kinahitaji kutegemeana, na mabosi wengi huanza kugombea ukubwa.

Ni hadithi tamu, na ilisambaa sana. Lakini sayansi haiishii kwenye makala ya kwanza. Mwaka 2021 watafiti wengine walichambua upya suala hilo kwa NBA na kuchapisha majibu yao kwenye jarida lilelile. Walichokiona ni kwamba faida ya kila staa wa ziada inapungua, ila hawakukuta ushahidi kwamba timu inakuwa mbaya zaidi kwa kuwa na vipaji vingi.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana. "Sahani ya tatu ya pilau haina utamu kama ya kwanza" si sawa na "sahani ya tatu ni sumu". Ukiunganisha na tuliyoyaona hapo juu, nadhani picha inayoeleweka zaidi ni hii: kipaji chenyewe hakiharibu timu. Kinachoumiza ni bei yake, yaani benchi tupu, vijana waliouzwa, na vipaji vya aina moja.

Bei hiyo wakati mwingine hulipwa kwa mpinzani. Mwaka 2019 Los Angeles Clippers walitaka kumweka Paul George pamoja na Kawhi Leonard. Wakawapa Thunder kijana anayeitwa Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji mwingine mmoja, na haki tano za kuchagua chipukizi raundi ya kwanza. Clippers hawakufika fainali hata mara moja wakiwa na wawili hao. Haki mojawapo ikawaletea Thunder Jalen Williams. Mwaka 2025 Thunder wakawa mabingwa, Gilgeous-Alexander akiwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali. Clippers waligharamia kombe la jirani.

Nani ana haki ya kupanga timu?

Tumefika kwenye sehemu ambayo hesabu haiwezi kumaliza ubishi.

LeBron alipoondoka Cleveland, timu aliyoiacha ilishuka kutoka ushindi wa mechi 61 hadi 19 kwa msimu mmoja, na ikapoteza mechi 26 mfululizo. Kuna mashabiki waliochoma jezi yake. Ukiwa mtoto wa Cleveland mwaka ule, huhitaji kuelezwa ubaya wa mastaa kukusanyana. Miji midogo inalea, miji mikubwa yenye jua na fukwe inavuna.

Lakini tazama upande wa pili. Zamani mchezaji wa NBA alikuwa mali ya timu yake. Mkataba ukiisha hakuwa na ruhusa ya kwenda anakotaka. Oscar Robertson, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, alipeleka kesi mahakamani mwaka 1970. Ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, na ni mwaka 1988 tu ndipo mchezaji wa kwanza, Tom Chambers, alipohama akiwa huru kabisa. Kabla ya hapo Boston walibeba makombe 11 kati ya 1957 na 1969 wakiwa na timu iliyojaa nyota. Hakuna aliyewaita wasaliti, kwa sababu aliyewakusanya alikuwa bosi na si wao wenyewe. Mfanyakazi anapochagua mahali pa kazi na wenzake wa kufanya nao, hilo ni kosa?

Ligi imejibu kwa sheria. Mkataba wa 2023 kati ya wamiliki na wachezaji uliweka mstari wa juu wa matumizi, ambao kwa msimu wa 2023/24 ulikuwa karibu dola milioni 182.8. Timu ikiuvuka haitozwi kodi tu, inafungwa mikono: hairuhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji kadhaa ili kumpata mmoja mkubwa, na haki zake za baadaye za kuchagua chipukizi zinaweza kuzuiwa. Phoenix Suns walivuka wakiwa na Durant, Devin Booker na Bradley Beal. Mwaka 2024 walitolewa raundi ya kwanza bila kushinda mechi, mwaka uliofuata hawakuingia mtoano kabisa.

Tangu 2019 hadi 2025 NBA imepata mabingwa saba tofauti katika miaka saba, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ligi hiyo. Kwa mpenda ushindani ni habari njema. Lakini sheria haiulizi kama mastaa wako uliwanunua au uliwalea. Boston Celtics, mabingwa wa 2024, baadhi ya nyota wao wakiwa wamekuzwa palepale, mwaka 2025 walilazimika kuwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis ili kupunguza gharama. Fimbo iliyochongwa kwa ajili ya waliokusanya imemfikia na aliyelea.

Na kumbuka somo la kikomo cha mshahara: ukibana hapa, shinikizo linatokea pale. Mwaka 1999 hakuna aliyetarajia kwamba sheria ya mishahara ingezaa Miami Heat. Ya 2023 nayo itazaa kitu, na mastaa wana mawakala wanaolipwa vizuri kukitafuta.

Safari ijayo ukitazama mechi ya timu yenye mastaa watatu, usimfuate mwenye mpira. Chagua staa ambaye hana mpira na umwangalie kwa dakika tano. Kama anakimbia, anazuia njia, anavuta mlinzi wake mbali, timu hiyo ina maisha. Kama amesimama pembeni ameshika kiuno akisubiri zamu yake, hata mechi zikiwa zinashindwa kwa sasa, anza kuwaonea huruma mapema.